Boti ya Msasani ikicheza ugenini Ziwa Victoria

WAENDESHA boti wa Msasani na Kunduchi, Kinondoni, wana uwanja wao wa nyumbani: asubuhi Bongoyo au Mbudya, jioni wamerudi. Lakini mwenye boti yake akitamani kukatiza kutoka Mwanza hadi Bukoba, ajue hiyo ni mechi ya ugenini.

Ziwa Victoria lina takribani kilomita za mraba 68,800, na liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Njia ya maji kutoka Dar haipo, boti inapanda lori kwanza. Raha yake, chumvi ya kula chuma hakuna, wala kusubiri maji yajae ndiyo utoke.

Kasheshe ni upepo. Pwani mtu anahesabu kusi na kaskazi kwa miezi. Kule mchezo unageuka ndani ya siku moja: mchana upepo unatoka ziwani kwenda nchi kavu, usiku unarudi ziwani, na hapo ndipo radi na dhoruba zinapochachamaa. Anayepanga kukatiza usiku eti anakwepa jua, amejifunga mwenyewe.

Tena asijidanganye kwamba ziwa ni bwawa tu. MV Bukoba, meli kabisa, ilizama Mei 21, 1996 ikitokea Bukoba, Mwanza ikiwa karibu. Mamia walikufa.

Kwa boti ndogo, mbinu ni kuondoka alfajiri, kutembea jirani na visiwa, jaketi okozi zikiwa zimevaliwa, siyo zimekaliwa kama mito.