Dawa ya Pamba si Dawa ya Viroboto

MBWA ni mlinzi wa kaya nyingi za mkoa wa Simiyu. Usiku yeye ndiye wa kwanza kumsikia fisi anayelinyemelea zizi, na mchana huandamana na vijana machungani. Paka naye hulinda ghala, kwani bila yeye panya wangekula mtama na mahindi kabla ya wenyewe. Pamoja na utumishi huo wote, ni mara chache tunawatazama wanyama hawa kwa makini. Mbwa akijikuna kutwa kucha, twasema ndivyo alivyo. Watoto wakiamka na vipele miguuni, twasema ni mbu.

Leo tunapenda kuzungumzia viroboto. Huenda baadhi ya wasomaji wakaona kuwa jambo hili ni dogo mno, halistahili nafasi katika safu hii. Sisi hatuoni hivyo. Kiroboto ni mdogo kweli, lakini namna mtu anavyomfukuza yaweza kuleta nyumbani msiba mkubwa kuliko kiroboto mwenyewe.

Kwanza tutazame madhara yake. Kiroboto huishi kwa kunyonya damu. Kwa mbwa mkubwa aliyeshiba hasara hiyo haionekani upesi, lakini mtoto wa mbwa au wa paka aliyejaa viroboto aweza kupungukiwa damu hata akafa. Isitoshe, viroboto hueneza aina moja ya tegu. Mbwa humpata tegu huyo kwa kumeza kiroboto anapojitafuna manyoya, na mtoto mdogo anayecheza na mbwa aweza kumpata kwa njia hiyo hiyo, kiroboto akiingia kinywani pasipo mtu kujua.

Yako na makubwa zaidi. Mwaka 1980 ugonjwa wa tauni ulizuka katika wilaya ya Lushoto, mkoani Tanga, na katika miaka zaidi ya ishirini iliyofuata uliwapata watu zaidi ya 7,000. Tauni huenezwa na viroboto wa panya. Hatusemi kwamba tauni iko Bariadi. Tunasema tu kwamba nchi yetu imekwisha kuonja uchungu wa mdudu huyu, na si busara kumdharau.

Sasa tuje kwenye jambo linalotutia hofu. Simiyu ni mkoa wa pamba. Tangu ulipoanzishwa mwaka 2012, kwa kuunganisha wilaya zilizotoka Shinyanga na eneo la Busega lililotoka Mwanza, umekuwa mstari wa mbele nchini katika zao hilo. Kwa hiyo si ajabu, msimu wa kupuliza ukiisha, kukuta chupa yenye dawa kidogo imechomekwa kwenye paa au imesukumwa chini ya kitanda. Na mtu aliyechoshwa na viroboto, akiiangalia chupa ile, hujiambia: kama inaua funza wa vitumba, itashindwaje kumwua kiroboto?

Haishindwi. Itamwua kiroboto, na yaweza kumwua mbwa pia. Sumu nyingi za wadudu hushambulia mishipa ya fahamu, na mbwa, paka na binadamu nao wana mishipa ya fahamu. Mbwa akipakwa, sumu hupenya ngozini; akijiramba, huimeza. Mtoto akimkumbatia mbwa huyo, kisha akala ugali kwa mkono ule ule, naye amekwisha kuipata. Hatari ni hiyo hiyo sumu hiyo ikinyunyizwa kwenye mikeka na magodoro. Mwenye kupatwa na sumu za namna hii hutokwa na mate mengi, hutapika, hutetemeka na kupumua kwa shida. Likitokea hilo, avuliwe nguo zilizoingia sumu, aoshwe kwa maji mengi na sabuni, na akimbizwe zahanati pamoja na chupa yenyewe ili mganga aone ni sumu gani. Asilazimishwe kutapika.

Paka wana hatari yao ya pekee. Mwili wa paka hauwezi kuivunja kwa urahisi sumu iitwayo pamethrini na jamaa zake, ambazo zimo katika baadhi ya dawa za mashambani, dawa za kuogeshea ng'ombe, na hata dawa za viroboto zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa. Dawa inayomfaa mbwa yaweza kumwua paka.

Je, tufanye nini basi? Jibu linaanza kwa kumjua adui. Viroboto wanaoonekana juu ya mbwa ni sehemu ndogo tu ya jeshi lao. Kiroboto jike aweza kutaga mayai 40 au zaidi kwa siku moja. Mayai hayo hayanati kwenye manyoya, bali huanguka pale mbwa anapolala: katika vumbi, katika nyufa za sakafu, chini ya mkeka, pembeni mwa jiko. Hapo huanguliwa mabuu yanayokula takataka, na kila buu hatimaye hujifumia kifuko na kujificha ndani yake. Kifukoni humo aweza kungoja kwa miezi, mpaka asikie kishindo au joto la mnyama anayepita. Ndiyo sababu mtu humwogesha mbwa wake leo, na baada ya wiki moja viroboto wamerudi kama walivyokuwa.

Wakulima wa Simiyu hawahitaji kufundishwa jambo hili upya. Baada ya mavuno ya pamba wao hung'oa mabua na kuyachoma, maana wanajua kwamba mdudu wa msimu ujao amelala katika mabaki ya msimu uliopita. Mbwa ni kama mpamba wenyewe, na sakafu ni kama shamba lenye mabua. Asiyesafisha shamba atapuliza dawa kila mwaka bila kupata nafuu.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ya asili ni ufagio. Mahali anapolala mbwa au paka pafagiliwe kila siku, na takataka zake zichomwe au zifukiwe mbali na nyumba. Dawa ya pili ni jua, na jua hatununui. Mabuu ya viroboto hayastahimili ukavu wala jua kali. Mikeka, magunia na mablanketi yatolewe nje yaanikwe kutwa nzima, na yale yanayofulika yafuliwe kwa maji ya moto. Nyufa za sakafu ya udongo zisiribwe na kuachwa zikauke barabara, na mwenye uwezo wa kuweka saruji asisite.

Dawa ya tatu ni sabuni na kitana. Tunajua kwamba wakati wa kiangazi maji ni ya taabu katika vijiji vingi, lakini kazi hii haihitaji pipa. Bakuli moja la maji yenye povu latosha. Chukua kitana chenye meno yaliyobanana, kile kile kitafutiacho chawa, umchane mnyama kuanzia shingoni hadi mkiani, na kila unaponasa kiroboto kichovye kitana katika bakuli. Sabuni hulegeza uso wa maji, naye huzama akafa badala ya kuelea na kuruka. Kama maji yapo ya kumwogesha mbwa, anza kwa kumpaka povu shingoni, ili viroboto wasikimbilie masikioni na machoni. Kazi hii irudiwe kila baada ya siku chache, kwa muda wa mwezi mmoja na nusu hivi, kwa sababu wale waliomo vifukoni hutoka kidogo kidogo.

Mwarobaini, ambao umejaa katika miji na vijiji vyetu, nao una msaada wake. Majani yake yakichemshwa, maji yakapoa na kuchujwa, mbwa mkubwa aweza kusuuzwa nayo baada ya kuoga. Ladha na harufu yake huwachukiza wadudu, na dawa iliyomo huzuia mabuu kukua. Lakini kazi yake ni ya polepole; asitarajie mtu kuona viroboto wakianguka papo hapo. Majivu makavu na baridi yafaa kunyunyizwa katika nyufa na pembe za nyumba yakisaidia kukausha. Yasipakwe mnyama aliyelowa, kwani majivu na maji huunguza ngozi. Na wale viroboto wa kuku wanaong'ang'ania usoni mwa kuku, na mara nyingine masikioni mwa mbwa, hupakwa mafuta ya kula kidogo, wakakosa hewa na kuachia. Mafuta hayo yasiingie machoni.

Hapa tunapenda kuonya jambo moja. Kuna dhana kwamba kila kitokacho kwenye mti hakina madhara. La hasha! Tumbaku ni jani, lakini maji ya tumbaku ni sumu kali kwa mbwa, kwa paka na kwa mtoto. Utupa ni jani, na wavuvi wanajua unavyoua samaki. Mafuta ya mbegu za mwarobaini yamewadhuru watoto wachanga walionyweshwa, na paka asipakwe. Kitunguu saumu, ambacho wengine hukisifu kuwa hufukuza viroboto mbwa akilishwa, huharibu damu ya mbwa na zaidi ya paka. Mafuta ya taa nayo, ingawa si mti, yamo katika orodha hii: huunguza ngozi, na yakirambwa huharibu mapafu.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Kaya moja ikisafisha na jirani asisafishe, viroboto watarudi. Historia ya funza, yule kiroboto anayeingia vidoleni, yatosha kuwa ushahidi. Hakuwa mwenyeji wa bara hili. Aliletwa Angola mwaka 1872 na meli iliyotoka Brazil, na kabla ya karne ile kwisha alikuwa amekwisha kulivuka bara hadi pwani ya mashariki, akisafiri katika miguu ya wapagazi na askari. Mdudu aliyeweza kuvuka nchi nzima nzima hatazuiwa na ua wa minyaa.

Kwa sababu hiyo tunatoa rai kwa viongozi wa vijiji na vitongoji. Siku za chanjo ya kichaa cha mbwa, wananchi hukusanyika na mbwa wao mbele ya wataalamu wa mifugo. Siku hiyo hiyo ifundishwe namna ya kuchana, kuogesha na kusafisha malazi. Walimu nao wawaonyeshe wanafunzi, kwa maana watoto ndio wanaokaa karibu zaidi na wanyama hawa. Na pale viroboto wanapozidi nguvu, mtu amwone mtaalamu wa mifugo ampe dawa inayolingana na mnyama na uzito wake, wala asijikadirie mwenyewe kwa kifuniko cha chupa.

Na yule mwenye chupa ya dawa ya pamba iliyobaki, tunamwomba aitoe leo hii chini ya kitanda. Aifungie mahali pasipofikiwa na mtoto, ikiwa na karatasi yake ya maelezo, mpaka msimu ujao au mpaka bwana shamba atakapomwelekeza. Asiimwage kisimani wala mtoni. Maji ya mto Simiyu huishia ziwani Viktoria, na njiani hunywewa na watu, ng'ombe na mbwa wale wale tunaotaka kuwaponya.