Rauta kuukuu nyumbani: Kuibadilisha ni israfu au ni kulinda amana?

KATIKA baadhi ya nyumba za Lushoto leo, juu ya kabati au pembeni mwa dirisha, kipo kisanduku kidogo chenye taa na antena, kinachogawa intaneti kwa simu na kompyuta zote zilizomo ndani. Hiyo ndiyo rauta. Kwa hiyo mtoto hudurusu masomo, mama husikiliza darsa, na baba huzungumza na ndugu walioko Dar es Salaam au Muscat. Inapozeeka, familia hugawanyika. Vijana hutaka mpya. Wazee husema hii bado inafanya kazi. Pande zote mbili zina hoja, kwani dini yetu imekataza israfu, na imeamrisha pia kutunza amana.

La kwanza ni kuujua ugonjwa kabla ya kununua dawa. Mji wa Lushoto uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400, na Milima ya Usambara imejaa mabonde. Mawimbi ya mnara wa simu hayapenyi mlima. Nyumba iliyo bondeni, pande za Soni au Mlalo, ikikingwa na mlima isiuone mnara, haitapata kasi kwa sababu tu imenunuliwa rauta ya bei kubwa.

Kwa hiyo jaribuni kwanza. Ikiwa rauta yenu hutumia laini ya simu, simamisheni kando yake simu yenye laini ya mtandao uleule. Simu nayo ikisuasua, tatizo liko nje ya nyumba. Iunganisheni pia kompyuta na rauta kwa waya. Ikienda vizuri kwa waya na vibaya bila waya, tatizo ni mawimbi ya ndani. Hapo iondoeni nyuma ya kabati, muiweke juu, mbali na kuta nene. Kagueni na adapta yake ya umeme, kwani ikichoka rauta hujizima na kujiwasha ovyo, na bei yake ni ndogo kuliko ya rauta nzima.

Mkifanya hayo na mambo yakatengemaa, kununua nyingine kwa sababu tu jirani anayo ni israfu. Lakini rauta ya 3G pekee, mahali ambapo mnara unatoa 4G, ina sababu ya haki ya kubadilishwa.

Ipo sababu nyingine iliyo nzito zaidi, nayo haionekani kwa macho. Rauta ni mlango wa nyumba. Mtengenezaji hutoa masasisho ya programu yake ili kuziba mianya inayogunduliwa. Siku anapoacha kuyatoa, taa huendelea kuwaka kama kawaida, ilhali kila mwanya mpya hubaki wazi. Mwaka 2018 iligunduliwa programu hasidi iliyoitwa VPNFilter, iliyokuwa imeingia katika vifaa visivyopungua 500,000, vingi vikiwa rauta, katika nchi zipatazo 54. Mwizi akiishika rauta, anaweza kuwapeleka watoto kwenye kurasa chafu wasizozitafuta, au kuipeleka familia kwenye ukurasa bandia wa benki.

Basi tazameni jina la toleo lililoandikwa chini ya rauta, kisha mwangalie kwenye tovuti ya mtengenezaji sasisho la mwisho lilitoka lini. Angalieni pia ulinzi wake. Ule uitwao WEP ulithibitika kuwa dhaifu tangu mwaka 2001. WPA2 ulikuja mwaka 2004 na WPA3 mwaka 2018. Rauta isiyofikia hata WPA2, au iliyoachwa na mtengenezaji wake, ibadilishwe hata kama kasi yake inaridhisha. Nyingine zote zibadilishiwe nywila ya kiwandani, zisasishwe na zitumike.

Wengine huona vyema kuipeleka rauta ya zamani madrasa kama sadaka. Kama ni nzima na bado inasasishwa, ni kheri. Kama imeondolewa kwa kukosa usalama, tukumbuke kwamba Suratul Baqara, aya ya 267, inatukataza kukusudia kilicho kibaya ndicho tukitoe. Hatari tuliyoiondolea nyumba yetu tusiwahamishie watoto wa madrasa.

Uamuzi huu ni wa shura. Wazazi na vijana wakae pamoja, wapime, kisha watende. Allah atuwafikishe.