Chai, Fedha na Afyuni: Nakisi Iliyopelekewa Manowari

Vita vya Kwanza vya Afyuni, vya 1839 hadi 1842, hutetewa kwa hoja kwamba China ilijifungia, nayo Uingereza ikalazimika kuvunja mlango. Mwenendo wa biashara yenyewe unasema vingine. Ni kweli kwamba kuanzia 1757 meli za Ulaya ziliruhusiwa kufanya biashara katika bandari moja tu, Guangzhou, na kwa wafanyabiashara wachache wenye kibali cha serikali. Hata hivyo, Bunge la Uingereza lilipopunguza ushuru wa chai mwaka 1784 kutoka asilimia 119 hadi 12.5, shehena zilipanda kwa kasi na Guangzhou ikazimudu. Kilichoikwaza London ni kukosa bidhaa ya kubadilishana. Vitambaa vyake vya sufu havikupata wanunuzi wa kutosha, hivyo chai ililipiwa kwa madini ya fedha yaliyochimbwa Mexico na Peru.

Pengo hilo lilizibwa kwa afyuni. Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki ilihodhi uzalishaji wake Bengal na kuiuza kwa mnada Calcutta, kisha wafanyabiashara binafsi wakaipeleka kisiwa cha Lintin, karibu na Guangzhou. Mnunuzi alilipa fedha mjini, akapewa hati, akaenda nayo Lintin kupakia mzigo kwenye mashua ya magendo. Muuzaji naye aliiweka fedha hiyo katika hazina ya Kampuni, akapata hawala ya kulipwa London, na Kampuni ikainunulia chai. Kufikia miaka ya 1830, fedha ilikuwa ikiihama China.

Wapo wanaosema Wachina wenyewe waliitaka afyuni, na maofisa wao walikula rushwa ili ipite. Ni kweli, ila hilo linaeleza tu kwamba wateja walikuwepo. Kampuni ilijua fika kwamba China ilikwishapiga marufuku uuzaji wa afyuni tangu 1729, ndiyo maana ilikataza meli zake yenyewe kuibeba. Lin Zexu, kamishna wa mfalme wa China, alipoteketeza makasha zaidi ya 20,000 ya afyuni huko Humen mwaka 1839, Uingereza ilijibu kwa manowari. Mkataba wa Nanjing wa 1842 uliitoza China dola milioni 21 za fedha, milioni 6 kati yake zikiwa fidia ya afyuni hiyo haramu.

Kama tatizo lingekuwa mlango, bandari tano zilizofunguliwa na mkataba huo zingevineemesha viwanda vya Manchester. Badala yake, nguo zao zilidoda kwa miaka mingi, kwa kuwa kaya za wakulima wa China zilijifumia vitambaa imara vya pamba. Hesabu ya chai ilibadilikia shambani, kwa jasho la vibarua wa Assam na Ceylon, hata kabla ya karne ya 19 kwisha Waingereza wakawa wanakunywa chai ya India zaidi kuliko ya China. Washington na Brussels, zinapovutana na Beijing leo kuhusu nakisi, zina sababu ya kuirejea historia hii. Shinikizo hufungua bandari, lakini halimshurutishi mnunuzi. Nakisi hupungua pale nchi inapozalisha kile mwenzake anachokihitaji, au inapojitosheleza kwa kile ilichozoea kukinunua.