Draya na pasi ya nywele zastahili kuingia darasani

Yapo mambo ambayo shule zetu huyaacha nje ya lango kwa kuyaona kuwa ya kipuuzi, na nywele za wasichana ni mojawapo. Katika shule nyingi za sekondari nchini Kenya msichana hutakiwa kuwa na nywele fupi, zisizohitaji zaidi ya maji, mafuta na chanuo. Siku anapouweka kalamu chini baada ya karatasi ya mwisho ya mtihani, kanuni hiyo hutoweka kwa ghafla. Nywele huota, na baada ya miezi michache binti huyo yumo saluni, au chumbani kwa rafiki yake, ameinamisha kichwa mbele ya kifaa ambacho hapana aliyepata kumweleza jinsi kifanyavyo kazi. Hapa Chaani, ninakoishi na kufundisha, nayaona hayo kila mwaka. Aghalabu nayaona pia matokeo yake: nywele zilizokatikia utosini, ngozi ya sikio iliyoungua, na fedha za mzazi zilizopotea kwa kifaa kilichodumu wiki mbili.

Sisemi kwamba kunyoosha nywele ni kosa. Lugha yetu ina singa na ina kipilipili, na watu wa pwani wamezisifu singa tangu jadi. Kuhusu sifa hiyo nina langu la kusema, lakini si leo. Ninachodai ni kwamba msichana aliyesomeshwa fizikia na kemia asiachwe akinunua draya kwa kutazama rangi yake tu.

Unywele umejengwa kwa protini iitwayo keratini. Umbo lake hushikiliwa na vifungo vya namna mbalimbali, na viwili vinatuhusu hapa. Vifungo vya salfa ni imara. Hivyo ndivyo vinavyovunjwa na dawa kali za kunyooshea. Vifungo vya haidrojeni ni dhaifu. Maji huvifungua, joto nalo huvifungua, na unywele unapokauka na kupoa vifungo hivyo hujifunga upya katika umbo ambalo unywele umewekwa. Draya na pasi ya nywele huvishughulikia hivi vya pili.

Kwa mkaazi wa Mombasa, jambo hili lina maana ambayo kijitabu kilichomo ndani ya boksi la draya hakiitaji. Hewa yetu imejaa unyevu mwaka mzima, na wakati wa masika huzidi. Unyevu huo huingia katika unywele na kuvifungua vifungo vilevile vilivyofungwa kwa joto. Msichana hutoka Chaani asubuhi nywele zikiwa zimelala, na pengine matatu haijavuka Makupa kuingia kisiwani kabla hazijaanza kujikunja. Naye hufanya nini? Kesho yake huzipiga pasi tena, na kesho kutwa tena, kila mara akiongeza moto kwa kudhani kwamba ule wa jana haukutosha. Hapo ndipo nywele zinapoharibika. Kasoro haikuwa uchache wa moto; hewa ya bahari ingezikunja vilevile hata angaliutumia moto maradufu.

Kwa hivyo swali la kwanza la mnunuzi lisiwe kifaa kina moto kiasi gani, bali kama moto huo waweza kupimwa na kupunguzwa. Pasi ya nywele yenye swichi moja tu, ya kuwasha na kuzima, siipendekezi kwa mtu yeyote. Zipo pasi zinazopita digrii 200 za Selsiasi, na kiasi hicho chatosha kuiharibu keratini yenyewe, si vifungo dhaifu pekee. Pasi yenye kipimo cha digrii humwezesha mtumiaji kuanzia chini, tuseme 150, na kusimama mahali nywele zinapotii. Bamba jembamba huzifaa nywele fupi zinazoanza kuota kwa kuwa hufika karibu na shina bila kuigusa ngozi. Na nywele ziwe kavu kabisa. Maji yaliyomo ndani ya unywele yakiguswa na bamba la digrii 180 hugeuka mvuke papo hapo, mvuke hutanuka, nao unywele hujaa vipovu ndani kisha hukatika. Mwanafunzi yeyote aliyeona kifuniko cha sufuria kikirushwa na mvuke hahitaji maelezo zaidi.

Draya ina hesabu yake. Mwaka 2011 watafiti wa Korea walichapisha matokeo ya kukausha nywele kwa draya kutoka masafa tofauti. Kwa umbali wa sentimita 15 joto lilikuwa digrii 47. Kwa sentimita 10, digrii 61. Na kwa sentimita 5, digrii 95. Kadiri joto lilivyozidi ndivyo uso wa unywele ulivyozidi kuharibika, na waliona kwamba kukausha kwa umbali wa sentimita 15 huku draya ikisogezwa-sogezwa bila kutulia kuliudhuru unywele kidogo. Sasa itazame draya ipendwayo zaidi katika saluni zetu, ile yenye chanuo mdomoni. Meno yake huingia ndani ya nywele, na upepo hutokea papo hapo. Umbali ni sufuri! Simaanishi kwamba isitumiwe, kwani kwa nywele za kipilipili chanuo hilo lina kazi kubwa ya kuzivuta wakati zinakauka. Lakini mwenye kuinunua na achague ile yenye daraja mbili au tatu za joto, aitumie kwenye daraja ya chini, na meno yawe mapana na yaliyopachikwa imara. Unywele wa kipilipili, ukikatwa na kutazamwa kwa darubini, si duara bali umebanwa kama utepe, na kila mpindo wake ni mahali pa kukatikia. Basi achane kuanzia nchani, akipanda taratibu kuelekea shinani.

Nije kwenye umeme, maana hapa hatari si ya nywele peke yake. Wengi wetu tuna ndugu ng'ambo, nao hutuletea zawadi. Umeme wa nyumba za Kenya ni wa volti 240. Wa Marekani ni wa volti 120. Volti zikiongezeka maradufu, mkondo nao huongezeka maradufu, na nguvu huwa mara nne. Draya ya Marekani ya wati 1,500 ikichomekwa hapa itajaribu kula wati 6,000 kabla ya kutoa moshi. Ile adapta ndogo inayouzwa dukani hubadili umbo la plagi tu, volti haizigusi. Kibandiko kilicho kwenye mpini kikiandikwa 100–240, hapo pana usalama. Hata draya iliyotengenezwa kwa umeme wetu, ikiwa ni ya wati 1,800, huvuta ampea 7.5, nazo nyumba nyingi za vyumba vya kupanga hapa mtaani huwa na soketi moja inayorefushwa kwa waya mwembamba, kukiwa na redio, feni na chaja za simu juu yake. Waya ule ukishikwa na kuhisiwa moto, draya izimwe mara moja.

Kitana cha chuma kinachopashwa juu ya jiko la makaa sikitaji ila kwa haraka. Makaa hayana kipimo. Wasusi wa zamani walikijaribu kwanza kwa karatasi nyeupe, na karatasi ikibadilika rangi walingoja kipoe; asiye na subira hiyo asikiguse. Na kwa wapenda historia: katika miaka ya 1870 Mfaransa Marcel Grateau alivuma huko Paris kwa chuma cha moto cha kuzitia mawimbi nywele za wanawake wenye singa, yaani kazi iliyo kinyume kabisa na hii yetu.

Walimu wenzangu wa sayansi, haya yote yamo tayari katika mitaala: nguvu ya umeme, mvuke, vifungo vya kikemia, unyevu wa hewa. Draya moja mezani, kipimajoto na rula vyatosha kwa kipindi kimoja, na sidhani kwamba kutakuwa na mwanafunzi atakayesinzia.

Kwa binti ambaye hana fedha za draya wala soketi ya kuaminika, upo uzi. Nywele zilizooshwa zikikaribia kukauka hugawanywa mafungu, na kila fungu huzungushiwa uzi kutoka shinani hadi nchani, bila kukazwa mno, kisha hulaliwa. Asubuhi uzi hufunguliwa nywele zikiwa zimenyooka kiasi cha kuchanika na kusukika. Masika yatazikunja hizo pia, lakini usiku wa pili uzi ni uleule na hakuna kilichoungua.