Lubumbashi: Kontena moja, pikipiki ngapi za magurudumu matatu?

Mfanyabiashara wa Lubumbashi anayeagiza China pikipiki za umeme za magurudumu matatu analipia kontena zima, lijae lisijae, hadi Dar es Salaam, kisha barabara ya Zambia mpaka Kasumbalesa. Kontena la futi 40 lina upana wa ndani wa mita 2.35 hivi. Pikipiki zenye upana wa mita 1.2 hazipangwi mbili mbili. Zikiwa na urefu wa mita 3, sakafu inabeba nne tu. Hiyo ni hasara tupu. Zikifunguliwa, magurudumu kando, kuta za sanduku la mizigo zikilazwa, zinaingia nyingi zaidi. Ila fundi wa kuziunga atalipwa, na kipande kimoja kikipotea njiani, pikipiki inalala. Betri za lithiamu ni mizigo hatari: zisipotangazwa mapema, meli inaweza kuzikataa.