Jiko la makaa ndani ya nyumba ya mbao: yaliyotupata juu ya Thika

Watu wa Pwani siku hizi twapenda baridi. Zamani likizo ya Agosti ilikuwa ni kwenda Lamu au Malindi kwa jamaa. Sasa vijana hukodi nyumba za mbao milimani kwa simu, wakarudi na picha za ukungu. Mwaka huu nami nikajitosa, nikamchukua mamangu, mke wangu na wanangu wawili. Yaliyotupata huko nimeona niyaeleze, kwa sababu sisi tuliolelewa karibu na bahari hatuyajui, na yalikaribia kututoa roho.

Tulipanda SGR hadi Nairobi, tukalala Ruiru kwa shemeji yangu. Asubuhi akatupakia kwenye gari lake. Thika mjini tulisimama kununua kuku wa halali, kisha tukashika njia ya kupanda Gatanga. Kahawa ikatuacha, majani chai yakaanza, halafu ukungu. Tulipita bwawa la Ndakaini, lililokamilika mwaka 1994, lenye uwezo wa kubeba mita za ujazo milioni 70. Maji mengi ya Nairobi hutoka hapo. Mama alilitazama sana, akauliza mbona Mombasa hatuna letu. Swali la haki, lakini la siku nyingine.

Nyumba ilikuwa ya mbao tupu, mabati juu, taa za sola, madirisha mawili madogo ya vioo. Hakuna meko ya ndani wala dohani. Jiko la makaa tuliwekewa barazani, na hapo ndipo tukabandika maharagwe baada ya alasiri.

Hayakuiva. Thika iko kama mita 1,500 juu ya bahari, na huko juu tulikuwa tumepita 2,000. Kadiri unavyopanda, hewa hupungua uzito, na maji huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha: nyuzi 93 hivi, badala ya 100 tulizozoea Mombasa. Sufuria yatokota, mvuke wapanda, na haragwe bado gumu. Mke wangu alidhani ameuziwa maharagwe ya zamani. Tukaongeza makaa, tukaongeza tena. Magharibi ikapita, isha ikaingia, na udhu wa maji yale, wallahi, nilishukuru kwamba nilikuwa na khofu za kupangusa juu yake.

Tulipomaliza kula, jiko lilikuwa bado jekundu na watoto wanatetemeka. "Baba watoto, makaa yote haya tuyamwage?" Nikalibeba nikaliweka katikati ya chumba, nikafunga mlango, na nguo ikazibwa chini yake upepo usiingie.

Sikuona ubaya wowote. Nyumbani kwetu makaa huingia chumbani kila Ijumaa ndani ya chetezo, udi ukafukizwa, na hakuna aliyewahi kudhurika. Lakini chetezo ni vipande viwili vitatu vya makaa, kwa dakika chache, katika nyumba yenye dari ya juu na madirisha wazi mchana kutwa. Kule nilijaza jiko zima ndani ya sanduku la mbao.

Baada ya muda mama akasema, "Mwanangu, kichwa chaniwanga." Nikamwambia ni safari. Mke wangu akashikwa na kichefuchefu, nikasema ni maharagwe. Mdogo alikuwa amelala, na nilipomwita hakuitika vizuri. Kilichotuokoa ni mzee mlinzi, aliyekuja kuuliza kama blanketi zatosha. Alipofunguliwa mlango hakusalimu hata. "Tokeni! Tokeni nje wote!" Akambeba mtoto mwenyewe, kisha akarudi kulitoa jiko.

Makaa yakiwaka hutoa hewa iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho kama moshi. Moshi hukufukuza, hii hukubembeleza. Ukiivuta, hushika chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi oksijeni zaidi ya mara 200, kwa hivyo damu yazunguka mwilini lakini oksijeni haifiki kwenye ubongo na moyo. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu, hulegea, kisha husinzia. Aliyelala huenda asihisi dalili hata moja. Watoto, wazee, wenye maradhi ya moyo na waja wazito wako hatarini zaidi. Makaa yaliyofunikwa na jivu, unayodhani yamekwisha, bado huitoa.

Nimeambiwa na zaidi ya mmoja kwamba ukiweka beseni la maji karibu na jiko huna neno. Si kweli, maji hayainyonyi hewa hii. Kulala chini hakusaidii pia, kwani uzito wake ni karibu sawa na hewa ya kawaida na huenea chumba kizima. Na dirisha lililoachwa wazi kidole kimoja si kinga ya kutegemea.

Nje tulipata nafuu kwa haraka, lakini shemeji, ambaye alikuwa amelala kwenye gari, hakukubali turudi kitandani. Usiku ule ule alituteremsha hadi hospitali Thika. Mama na mtoto waliwekewa oksijeni kwa saa kadhaa, na daktari akasema ni vyema tulikuja, kwa kuwa kujihisi mzima si dalili ya kwamba damu imesafika.

Unayetaka kwenda Desemba, kabla ya kutuma pesa muulize mwenye nyumba kama kuna meko yenye dohani inayovuta moshi, na blanketi ngapi kwa kila kitanda. Beba soksi, kofia na chupa za mpira za maji moto. Maharagwe yachemshe nyumbani kabisa, uende nayo yameiva. Jiko likimaliza kazi, libaki nje, hata kama makaa ni ya bei.

Mama amesema atakwenda tena, ila safari hii yeye ndiye atakayeshika ufunguo wa mlango.