Umeaminiwa, Sasa Weka Dola Elfu Tano

Kanuni za dhamana ya viza, ambazo Marekani ilianza kuzitumia kwa Watanzania tarehe 23 Oktoba 2025, zina sharti moja ambalo wengi walilipita haraka kwa kuwa macho yote yalikuwa kwenye fedha. Fedha zenyewe si za mchezo: dola 5,000, 10,000 au 15,000, kadiri afisa wa ubalozi atakavyoamua siku ya mahojiano. Kiwango cha chini kabisa ni zaidi ya shilingi milioni 12, yaani mshahara wa miaka miwili wa mtumishi wa umma anayelipwa kima cha chini cha shilingi 500,000, akiuweka wote bila kula wala kulipa nauli. Lakini kinachokera zaidi, ukikisoma kwa utulivu, ni mstari unaoeleza nani anadaiwa fedha hizo. Si kila mwombaji. Anadaiwa yule ambaye afisa ameshamhoji na kumwona amekidhi masharti mengine yote ya viza ya matembezi au ya biashara. Aliyeshindwa haombwi dhamana, ananyimwa viza na kwenda zake. Dhamana ni ya aliyefaulu.

Ugeni wa jambo hili hauonekani mpaka mtu akumbuke sheria ambayo afisa huyo anaitumia. Sheria ya Uhamiaji na Uraia ya Marekani ya mwaka 1952, ile ambayo Rais Truman aliikataa na Bunge likaipitisha juu ya pingamizi lake, ina kifungu cha 214(b) kinachojulikana vizuri na kila aliyewahi kurudishiwa pasipoti yake pamoja na karatasi ya kunyimwa. Kifungu hicho kinamhesabu mwombaji kuwa anakwenda kuhamia, mpaka yeye mwenyewe amridhishe afisa kwamba sivyo. Kazi ya kuthibitisha ni ya mwombaji, na anachotakiwa kuthibitisha ni jambo ambalo halijatokea bado, yaani kwamba atarudi. Nia haina hati. Ndiyo maana mahojiano ya dirishani, ambayo mara nyingi huisha kwa dakika chache, huzunguka vitu vinavyoshikika: kazi, mshahara, mke au mume, watoto, nyumba, nchi alizowahi kutembelea akarudi. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani inaeleza wazi kwamba afisa hutafuta yale yanayomrudisha mtu kwao, na kwamba barua ya mwaliko, au ahadi ya mwenyeji kumlipia mgeni wake kila kitu, haimpi mtu viza. Afisa asiporidhika hana hiari, sheria inamtaka anyime. Rufaa hakuna. Mwombaji anaweza kurudi siku nyingine na ombi jipya, na ada nyingine ya dola 185 ambayo hairudishwi.

Tuisome basi kanuni ya dhamana kana kwamba afisa mwenyewe ndiye anayeisema. Anamwambia mwombaji: nimekusikiliza, nimeridhika kwamba utarudi, na kama nisingeridhika ningelazimika kukunyima. Kisha anaongeza: leta dola elfu tano, kwa sababu huenda usirudi. Kauli hizi mbili haziwezi kukaa katika kinywa kimoja. Ikiwa afisa ameamini, dhamana inalinda nini? Ikiwa hajaamini, viza ameitoa kwa sheria ipi? Jibu pekee ninaloliona ni kwamba kauli ya kwanza inamhusu mtu na ya pili inahusu pasipoti yake. Mwombaji kama mtu amefaulu, ila uraia wake umefeli, na kwenye uraia hakuna swali analoweza kujibu akaeleweka.

Watetezi wa mpango huu wana hoja ambayo si ya kupuuzwa. Kuridhika, watasema, si uhakika. Hata mahakamani mshtakiwa ambaye hajatiwa hatiani huwekewa dhamana ili arudi siku ya kesi. Ni kweli. Lakini hakimu humpima mshtakiwa aliye mbele yake, na anaweza kumwachia kwa kujidhamini mwenyewe. Kwa mwombaji wa viza mlango wa msamaha ni mwembamba mno: afisa anachagua kiasi, lakini deni lenyewe limekwisha kuamuliwa na orodha ya nchi. Orodha hiyo inategemea hasa takwimu za waliozidisha muda, wale ambao mtaani huitwa wazamiaji. Kwa taarifa ya Marekani yenyewe ya mwaka wa fedha wa 2024, kiwango cha Watanzania wenye viza za matembezi na biashara kilikuwa takriban asilimia 8. Kuzamia kupo, na anayekana anajidanganya. Ila hesabu hiyohiyo inasema zaidi ya tisini katika kila mia waliondoka kwa wakati, na hao ndio mzigo umewaangukia, maana aliyedhamiria kubaki anaweza kuzihesabu dola elfu tano kama nauli tu, akazisamehe.

Hata hiyo asilimia ina nyufa. Marekani haina dirisha la uhamiaji la kumgongea muhuri anayetoka; kuondoka hutambuliwa zaidi kwa orodha za abiria zinazoletwa na mashirika ya ndege, na aliyeingia kwa ndege akatokea mpaka wa Mexico kwa basi anaweza kuhesabika bado yumo. Pengine ndiyo sababu wenye dhamana walitakiwa, mwanzoni, kuingia na kutoka kwa viwanja vitatu pekee: Boston, John F. Kennedy mjini New York, na Dulles karibu na Washington. Akipitia kwingine, anaweza kukataliwa kuingia, au kutoka kwake kusirekodiwe vizuri, na fedha yake inategemea rekodi hiyo.

Wengine watasema kwamba fedha inarudi, na kwamba viza yenye dhamana ni afadhali kuliko kunyimwa. Kwa mfanyabiashara wa Kariakoo mwenye mtaji unaozunguka huenda ikawa hivyo. Lakini kanuni ilikusudia viza ya kuingia mara moja, iliyo hai kwa miezi mitatu, na kwa kawaida siku 30 za kukaa. Bibi anayekwenda kumwona mjukuu aliyezaliwa Ohio hawezi kufungia milioni 12 kwa ajili ya mwezi mmoja, hata kama kila senti itarudi. Raia wa nchi iliyo katika mpango wa kusamehewa viza hujaza fomu kwenye intaneti, hulipa dola 40 hivi, hukaa hadi siku 90. Hakuna nchi ya Afrika katika mpango huo, na mojawapo ya vigezo vyake ni kwamba waombaji wanaonyimwa viza wawe chini ya asilimia 3, kana kwamba shaka ya afisa ni ushahidi dhidi ya anayeshukiwa.

Ni haki ya kila taifa kuchagua wageni wake, na Tanzania nayo humtoza Mmarekani dola 100 pale ambapo wageni wengi hulipa 50. Haki hiyo haimwondolei mwenye nayo wajibu wa kueleza mantiki yake. Nchi ya Mali, iliyowekwa nayo kwenye orodha ya dhamana, haikungoja maelezo: ilitangaza kwamba Wamarekani nao wataweka dhamana ileile, na muda si mrefu jina lake likaondolewa kwenye orodha. Dodoma ingethubutu? Na ingethubutu, watalii wa Serengeti na Zanzibar wangekwenda wapi?

Tarehe 16 Desemba 2025 Rais Trump alitia saini amri iliyoiweka Tanzania kati ya nchi ambazo raia wake wamesitishiwa kupewa viza za matembezi, biashara na masomo kuanzia Januari 1, 2026, na miongoni mwa sababu zilizoandikwa ni ileile asilimia 8. Jaribio la dhamana lilipangwa kuendelea hadi tarehe 5 Agosti 2026, ili serikali ya Marekani ione kama mpango wenyewe unatekelezeka. Watanzania walilijaribu kwa wiki kumi hivi. Waliolipa, wakaenda, wakarudi kwa wakati, wamehesabiwa upande gani?